Ngazi ya Nne Ilipokuwa Kijani

Kambi ya mgodini,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili na akili. Nimeketi kizingitini pa chumba changu, kwa sababu ndani kumeanikwa buti za watu wanne na harufu yake haimruhusu mtu kufikiri. Mvua imekatika, jua ni la kiasi, na leo hatuna kazi. Nakuombea uwe mzima pia. Magoti yanasemaje? Tafadhali usinijibu kwamba yapo tu, kama ulivyofanya barua iliyopita. Najua yapo, ninachotaka kujua ni kama yanakufikisha sokoni na kukurudisha. Na yule kuku mweupe, bado anataga chini ya kitanda chako, au hatimaye umemshinda? Na mwanangu Kasuku je, jino la mbele limeota? Mwambie nimesikia kwamba anabishana na mwalimu wa hesabu, na kwamba kubisha si kosa ikiwa jibu lake ni sahihi.

Najua nimekaa kimya tangu mwezi wa tatu, na najua umeshawaambia majirani kwamba mgodi umenimeza. Haukunimeza. Sikuugua, wala hakuna aliyenizuia kuandika. Sababu ipo na nitaieleza, ila unanijua: siwezi kuanzia katikati. Nina ombi moja kabla sijaendelea. Barua hii vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Kasuku akusomee, hata akikulilia na kukuahidi kuosha vyombo wiki nzima.

Barua yako ya mwisho ilinichekesha sana. Uliuliza ni kazi gani hii, kwamba wewe umeng'oa nyasi shambani maisha yako yote, na leo binti yako anapewa ajira ya kuzipanda. Nilimsomea Shangazi maneno hayo tukiwa ghalani. Shangazi si ndugu yetu, ni mfanyakazi mwenzangu mwenye umri mkubwa kuliko sote, na kila mtu hapa humwita hivyo, hata Meneja. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akasema nikuambie kwamba yeye pia ameng'oa nyasi maisha yake yote, na sasa anazirudishia zilizobaki deni lake.

Ngoja nikueleze ilivyo. Mgodi ulipofungwa uliacha shimo na mlima. Mlima wenyewe ni kifusi, mawe na udongo uliotolewa chini ukamwagwa juu mwaka baada ya mwaka. Sisi tunauita Mgongo. Ukiachwa bila kitu juu yake, mvua inauteremsha kipande kwa kipande hadi kwenye mashamba ya watu walio chini, na wakati wa kiangazi upepo unaupeleka kwenye sufuria zao. Kwa hiyo kampuni imeukata Mgongo kuwa ngazi kubwa, kila ngazi pana kama barabara, ikatandaza udongo mzuri juu, nasi tunaotesha nyasi za asili, zilezile zilizokuwa hapa kabla ya mgodi. Nyasi za kununua huwa nzuri mwaka mmoja tu, zikiisha mbolea zinakufa. Hizi za hapa zimezoea udongo maskini. Mizizi yake inashuka kuliko urefu wa mtu.

Mbegu tunakusanya wenyewe, kwa mikono, pembezoni mwa eneo ambako tingatinga halikufika. Ipo moja ambayo ungeipenda. Ina mkia mrefu mweusi uliosokotwa, na ikilowa, mkia unajizungusha wenyewe na kuisukuma mbegu ardhini, kama mtu anayekaza skrubu. Mkia huohuo huingia kwenye soksi na haukomei hapo. Dereva wetu wa trekta, ambaye tunamwita Polepole kwa sababu hajui maana ya neno hilo, husema amepanda mbegu nyingi zaidi miguuni mwake kuliko mlimani.

Mimi ndiye msimamizi wa upande wa magharibi. Upande wa mashariki una msimamizi wake, kijana mzuri, mtulivu, tunasalimiana vizuri. Na hapa ndipo inapoingia ahadi niliyokupa. Kampuni ina kitalu cha miche na mbegu kule karibu na nyumbani, mwendo wa saa moja tu. Meneja alitutamkia mbele ya watu kwamba msimamizi ambaye upande wake utapita ukaguzi wa mwaka huu ndiye atakayepewa kitalu hicho. Upande wangu ulikuwa mbele, kila mtu aliliona. Nikakuandikia kwamba shule zikifungwa nitakuja kukaa nyumbani. Nawe ukanijibu kwamba umeshapaka chokaa chumba cha nyuma, na kwamba Kasuku ameshaamua kitanda kitakaa upande gani.

Baada ya hapo ndipo yalipokuja marobota.

Tulikuwa tumekwisha kupanda ngazi ya nne, na jua lilikuwa kali kuliko tulivyotarajia. Mbegu zikiachwa wazi kwenye jua la namna ile zinaungua, kwa hiyo huwa tunazifunika kwa majani makavu, mepesi kama shuka. Kwa kawaida tunafyeka ya kwetu wenyewe. Safari hii yalikuwa yametuishia, Meneja akapata mengine kutoka shamba moja la ng'ombe wa maziwa ng'ambo ya mto. Polepole aliyaleta kwa trekta, marobota yaliyofungwa vizuri, yananukia. Tuliyakalia wakati wa chakula cha mchana. Shangazi alijilaza juu ya mawili akasema angekuwa ng'ombe angestaafia palepale. Hakuna aliyefungua tumbo la robota hata moja kutazama kilichomo. Tuliyakata kamba, tukayatandaza, tukaondoka tukijipongeza.

Mvua ikanyesha. Mama, nyasi zetu huchelewa. Huwa tunapita tukiwa tumeinama hadi viuno viume, tukitafuta uzi mmoja wa kijani, na tukiuona tunaitana kama watu waliookota pete. Lakini safari hii ngazi ya nne iligeuka kijani mara moja. Si nyuzi, ni kijani kabisa, ukiwa umesimama kule barabarani unaiona. Polepole akaiita Uwanja wa Taifa. Tulicheza, sikufichi, na mimi nilicheza. Meneja akaja na simu yake, akapiga picha akiwa amesimama pembeni mikono kiunoni, akazituma makao makuu jioni ileile. Wakamjibu kwa sifa. Tukasikia kwamba picha moja imechapishwa kubwa na kutundikwa kwenye ukumbi wa mapokezi.

Mkulima wa kawaida asingetekwa hivyo. Mkulima akiona kitu kimeota ambacho hakukipanda, anashika jembe. Sisi tulikuwa na njaa ya kijani. Miaka miwili tumeishi na rangi ya kifusi machoni, na mtu mwenye njaa ya namna hiyo haulizi kilichopikwa.

Shangazi ndiye aliyeanza kujikuna. Alisema ni mbu. Kesho yake mikono yake ilikuwa na vipele hadi kwenye kiwiko, akasema basi ni mbu wenye cheo. Nilipopiga magoti pale alipokuwa akifanya kazi, nikafunua majani makavu, nililiona. Majani yake yalikuwa yameanza kuchanika vipande vipande, kama ya karoti. Gugu karoti, Mama. Hata wewe umeliona kando ya barabara, lile lenye maua madogo meupe ambayo watu wengine huyachuma na kuyafunga kwenye shada kwa sababu hawajui. Linawasha ngozi, linabana kifua, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Linapoota, vingine vinakonda. Shina moja likikomaa linamwaga mbegu kwa maelfu, na mbegu zake ni nyepesi, zinakwenda na upepo, maji, buti na gurudumu. Lilikuja ndani ya marobota. Sisi wenyewe tulilitandaza kwa reki.

Nilikwenda kwa Meneja siku hiyohiyo. Nataka umuelewe vizuri, maana si mtu mbaya. Mikono ya Shangazi ilipovimba ni yeye aliyempeleka zahanati kwa gari lake, akamsubiri nje hadi akatibiwa. Lakini picha ilikuwa imeshakwenda, na ukaguzi ulikuwa umekaribia. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango, akanieleza kwa upole kwamba kanuni inasema ardhi ifunikwe na mimea hai. Mkaguzi huja na kamba yenye mafundo, anaivuta juu ya ngazi, na kwenye kila fundo anaangalia chini: pana mmea hai au pana udongo mtupu. Kamba, alisema, haiulizi kabila. Tusubiri mkaguzi apite, kisha ning'oe hadi roho yangu itulie.

Nilimkumbusha kwamba ukaguzi ukipita kikosi kizima kinakwenda likizo hadi mvua zijazo, na kwamba wakati huo gugu litakuwa limeshachanua, limekauka na kumwaga kila kitu. Akasema nisiwe na haraka, kwani upepo hausomi kalenda. Nikamwambia hilohilo ndilo ninalojaribu kumwambia. Nikamuuliza na mashamba ya chini je? Hapo aliichukua simu yake mezani na kuitazama, ingawa haikuwa imelia.

Ghalani kulikuwa na mabishano ya kufa mtu. Polepole alisema sisi tumeajiriwa kutunza mlima, si dunia nzima, na kijani ni kijani. Alikuwa ameshamwambia mkewe tarehe ya kurudi, na mkewe si mtu wa kubadilishiwa tarehe. Wengine walimuunga mkono. Walisema tukishindwa ukaguzi kampuni itatufukuza ilete kikosi cha watu wa dawa, wenye mapipa mgongoni, wamwage sumu wiki moja waondoke. Shangazi alikunja mikono ya blauzi yake akamwekea Polepole vipele vyake chini ya pua, akamshauri ajipake gugu hilo usoni, kisha aende kwa mkewe kwa tarehe ileile waliyokubaliana, aone kama atatambulika. Watu walicheka, hata Polepole. Lakini kucheka hakukuamua kitu, na wote walinigeukia mimi. Niliwaambia nitawajibu.

Jumapili iliyofuata niliteremka hadi chini ya Mgongo. Mfereji unaotoa maji ngazi ya nne unaishia kwenye shamba la maharage la mama mmoja ambaye hutuuzia mboga. Nilimkuta akipalilia. Aliponiona alijinyoosha, akanionyesha ile rangi juu na kuniuliza kama ni kazi yetu. Nikakubali. Akanipa pongezi, akasema miaka yote hii walikuwa wakila vumbi na sasa limepungua, na kwamba watoto wake wameacha kukohoa. Akanichumia fungu la mboga akakataa malipo. Nilipanda mlima na zile mboga mkononi, na njia nzima nilizishika kama kitu cha kuazima.

Jumatano Meneja aliondoka kwenda kumchukua mkaguzi mjini. Wangerudi Jumamosi. Alhamisi alfajiri ikanyesha mvua ya kutosha, na udongo ukiwa umelowa hivyo mzizi wa gugu unatoka mzima. Udongo ukiwa mkavu, mzizi unakatika na kuchipua upya. Vichwa vilikuwa vimeanza kutoa vitumba, bado havijafunguka. Siku kama hiyo haiji mara mbili. Nilimpigia simu Meneja nikamweleza hali ya udongo na hali ya vitumba. Akasema nisiguse kitu. Nilimwambia nimemsikia. Sikumwambia nitafanya alivyosema, na nadhani alilitambua hilo.

Nikawakusanya watu. Niliwaambia kwamba tunaing'oa ngazi ya nne, kwamba amri ni yangu na nitaisema hivyo mbele ya yeyote atakayeuliza, na kwamba asiyetaka aende ghalani akapepete mbegu, sitamnunia. Polepole akaenda ghalani. Wengine walifunga vitambaa puani, wakavaa glavu na mikono mirefu, tukaanza kutoka ukingo wa juu kushuka.

Kulikuwa na jambo moja lililotufanya tuwe wangalifu. Chini ya lile gugu, mbegu zetu wenyewe zilikuwa hai. Nyuzi zilikuwa zimechomoza, nyembamba, nyeupe kwa kukosa jua. Ukivuta gugu kwa pupa unatoka na vyote viwili. Kwa hiyo unaweka vidole viwili vya mkono wa kushoto, kimoja huku na kimoja huku, unakandamiza udongo, halafu wa kulia ndio unavuta taratibu. Kisha unatia gunia, hutupi chini hata jani moja. Shangazi, ambaye nilimkataza kabisa asije, alijifunga matambara hadi mabegani akaja, akawa anasahihisha vidole vya watu kama mwalimu wa mwandiko. Baada ya chakula cha mchana magunia yalituishia. Nilikuwa nafikiria la kufanya, mara nikasikia trekta, na Polepole akatokea na magunia yote matupu ya ghala. Alisema kule ndani kuna joto. Hakuna aliyemtania, na kwa kikosi changu hiyo ni heshima kubwa.

Ijumaa jioni tulimaliza. Magunia tuliyafunga midomo, tukayakausha kwenye sakafu ya saruji ya karakana ya zamani, baadaye tukayachoma ndani ya pipa. Uwanja wa Taifa ukawa uwanja wa vishimo.

Jumamosi walifika. Mkaguzi ni mwanamke mfupi mwenye kofia pana, hasemi sana. Alianza upande wa mashariki, kamba yake ikapita vizuri. Alipofika kwetu, ngazi tatu za kwanza zilikuwa sawa. Kwenye ya nne alisimama. Meneja alitazama ule udongo, kisha akanitazama mimi, na alikuwa bado ameshika simu yenye ile picha, kwa sababu njiani alikuwa amemwonyesha. Mkaguzi aliuliza ni nani ameifanya ngazi hii hivi. Nikasema ni mimi. Akauliza kilikuwa kimeota nini. Nikamwambia, nikampa na shina moja nililolihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Alilitazama, akalirudisha. Alivuta kamba yake, fundo baada ya fundo, na kwenye mafundo mengi hapakuwa na kitu cha kuhesabu. Kisha alipiga magoti akachungulia udongo kwa karibu sana, kofia ikamdondoka, akaziona zile nyuzi. Alisema anaziona, ila kanuni haimruhusu kuzihesabu zikiwa na ukubwa huo. Akaandika kwamba mashariki umepita, magharibi bado.

Meneja hakuniambia neno kwa siku nne. Siku ya tano aliniita. Alisema nimemfanya aonekane mwongo mbele ya makao makuu. Nilimjibu kwamba picha ndiyo iliyodanganya, yeye aliituma tu. Hakucheka. Lakini mkataba wa kikosi ameuongeza hadi ukaguzi ujao, na watu wa dawa hawakuletwa. Sasa robota haliingii getini kabla ya kufunguliwa na kupekuliwa mbele ya watu wawili. Polepole anasema kama kushindwa ukaguzi ndiko kunakoongeza mkataba, basi tushindwe kila mwaka kwa zamu. Mkewe bado hajamsamehe.

Mama, sasa nimefika pale nilipokuwa nakwenda.

Yule mkaguzi, kabla ya kupanda gari, alinivuta kando. Aliniambia kwamba ningeliacha gugu pale lilipo, kamba ingepita. Alisema amebishana na kanuni hiyo ofisini kwao na hajaishinda. Nikamwambia ninaijua. Na ni kweli nilikuwa ninaijua. Niliisoma mwenyewe, neno kwa neno, kabla sijagusa shina la kwanza. Nilijua kwamba nikiacha tutapita, na tukipita kitalu ni changu, na kitalu kikiwa changu ninalala nyumbani kila siku. Hakuna aliyenidanganya na hakuna aliyenipokonya. Kitalu amepewa mwenzangu wa mashariki, na alistahili. Mimi nitabaki hapa msimu mwingine mzima. Sitakuja kukaa shule zitakapofungwa kama nilivyoahidi.

Na kuna jambo zito kuliko hilo. Jumatano ile, Meneja alipokwisha ondoka, nilichukua karatasi nikuombe ruhusa. Niliandika shikamoo Mama, nikaishia hapo. Nilijua ungenijibu nini. Ungesema rudi, mtoto anakusubiri, magugu ya watu yana wenyewe. Na ningerudi, kwa sababu sijawahi kukukatalia neno ulilonitamkia. Basi sikukuuliza. Niliikunja karatasi nikaiweka ndani ya shajara yangu, na tangu siku ile sikuandika tena, kwa kuwa sikutaka kukuletea habari moja bila ya pili. Nilisubiri nione kitakachoota.

Habari ya pili ni hii. Jana nilipanda ngazi ya nne. Nyasi zetu zimefika urefu wa kiganja. Hazijajaa, zina mapengo kama mdomo wa mtoto, lakini ni zenyewe na zimeshika. Gugu bado linachomoza hapa na pale, na litaendelea kuchomoza misimu kadhaa kutokana na mbegu zilizobaki ardhini. Kila wiki tunapita, tunalitoa likiwa dogo, na kila wiki ni machache kuliko wiki iliyotangulia. Kwenye mfereji hakuna hata moja. Kwenye shamba la maharage hakuna hata moja. Nimekwenda kuangalia mwenyewe mstari kwa mstari, yule mama akidhani nimekuja kumsaidia kupalilia, na mwishowe nikamsaidia kweli.

Kwa hiyo sikuombi msamaha kwa kuling'oa. Hali ikirudi ilivyokuwa ningeling'oa tena, na safari hii ningeanza mapema. Ninakuomba msamaha kwa chumba ulichokipaka chokaa, kwa magoti yako yatakayobeba mtoto wangu mwaka mwingine, na kwa kukufanya upokee uamuzi ambao nilikunyima nafasi ya kuuzuia. Hayo ni yangu. Ukinikasirikia, utakuwa na haki.

Imebaki Kasuku. Najua wewe unanionea huruma, na najua utataka kumwambia kwamba kampuni imemnyima mama ruhusa. Tafadhali usimwambie hivyo. Mwambie kazi ya karibu na nyumbani ilikuwa mkononi mwa mama yake na mama yake akaiachia, kwa sababu ya majani yenye maua meupe na mashamba ya watu asiowajua. Atalia, na pengine atasema hanitaki. Mwache aseme. Akiikasirikia kampuni, hasira hiyo itakosa mtu wa kuijibu, naye atakua akidhani mama yake ni mtu wa kuzuiliwa. Akinikasirikia mimi, nipo. Mwezi wa nane nina likizo ya wiki mbili na nauli nimeshaiweka kando. Nitakuja, nitakaa mbele yake katika hicho chumba cha nyuma, na ataniuliza yote anayotaka. Mwambie aanze kuyapanga maswali yake sasa.

Nisalimie Baba Mdogo na nyumba yake yote, na jirani wa dukani aliyekusaidia kubeba chokaa. Shangazi anakusalimu sana; mikono yake imepona, na anakuuliza kama magoti yako yanapenda maji ya moto au ya baridi, maana yeye ana msimamo mkali kuhusu jambo hilo. Nakutakia afya njema na usingizi wa kutosha, na nitasubiri jibu lako hata likiwa la maneno makali.

Wako mtoto akupendaye na akuheshimuye,

Mama Kasuku